Dirisha la Bi Mejumaa

Kacha.

Saadia alifumbua macho. Chumba kilikuwa giza, adhana ya alfajiri ilikuwa bado, na mtoto mchanga alikuwa amelala kifuani pake na mdomo wazi. Alisikiliza. Kacha, tena. Kisha krrr ndogo, kama mtu anayefungua kifuniko cha chupa kwa adabu ili asiamshe wenzake.

"Utaichosha hiyo kamera kabla haijala filamu," alisema.

"Haichoki hii," Aidarus alijibu kutoka ukingoni mwa kitanda. "Mimi ndiye ninayechakaa."

Hakusema kwa huzuni. Kila siku alfajiri aliizoeza mikono yake: kufungua mgongo wa kamera, kuingiza mkanda, kufunga, kuzungusha, kubonyeza. Giza lilikuwa shule yake. Daktari alimwambia bila kuzunguka kwamba macho yake yanazibika kutoka pembeni kuja katikati, na kwamba yakijaaliwa yana mwaka, pengine miwili. Kwa sasa alikuwa amebakiwa na tundu tu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kufuli. Akimtazama mtu karibu aliona pua, au sikio. Akitaka uso mzima ilimbidi arudi nyuma, arudi, mpaka uso ule uwe mdogo kiasi cha kupita katika tundu lake.

Ndiyo maana alizipenda picha. Kichochoro chenyewe, alichozaliwa ndani yake, kilikuwa kikubwa mno, hakikupita. Lakini kikishapigwa picha, akiishika picha ile na mkono umenyooka mbele, kichochoro kizima kilipita, na baraza zake, na milango yake, na anga yake. "Mji umekuja wenyewe," husema.

Kazini Kilindini, kwenye ofisi ya wakala wa forodha, walimtoa katika meza ya fomu wakamweka kwenye simu, kwa sababu alizijua sauti za makarani wote wa bandarini kabla hawajataja majina. Mshahara ulipungua. Hakulalamika. Kila mwezi ulitosha chakula, kodi, na mkanda mmoja wa filamu, na Saadia hakuwahi kuuliza kwa nini mkanda.

Marehemu babake alikuwa amemwachia postikadi kumi na mbili za Mji wa Kale, zote za mwaka 1948. Aidarus aliazimia kusimama palepale aliposimama yule mpiga picha wa zamani, saa ileile, na kuupiga mji ulivyo leo, kadi kwa kadi. Saadia humsomea kadi: kivuli kimefika kizingiti cha pili, bomba la mvua liko kulia. Naye huhesabu hatua, hupapasa kuta, husubiri jua limguse shavu la upande unaotakiwa. Na kabla ya kubonyeza, kwa kuwa yeye ni mtoto wa mji na anajua madirisha yana wenyewe, hupiga hodi. Husimama katikati ya kichochoro, akainua uso, akaita "Hodi! Hodi! Hodi wenye nyumba, picha!" ili aliye juu kichwa wazi ajifunike au aondoke. Kisha Saadia huangalia juu na kusema, "Tupu." Hapo ndipo hubonyeza.

Kumi na moja zilikwisha. Ya kumi na mbili alikuwa ameipiga wiki iliyopita na kuipeleka Mwembe Tayari kwa Nicodemus mwenye studio. Leo Jumanne ndiyo siku ya kuichukua.

Kulipopambazuka, Duha, binti yao wa miaka sita, alipanda kitandani na ile postikadi ya kumi na mbili. Ulikuwa mchezo wao.

"Haya, mwalimu," babake alisema. "Nisomee."

"Kuna wanaume barazani. Wanne. Mmoja anacheka. Kuna mtu wa kahawa. Kuna punda."

"Na dirisha la juu?"

"Liko wazi."

"Ndani yake?"

"Hakuna mtu," alisema Duha, kama alivyosema kila asubuhi.

*

Aidarus hakufika Mwembe Tayari. Alasiri, alipotoka kazini, aliketi barazani pake avue viatu kidogo kabla ya kwenda, na hapo ndipo alipousikia mwendo wa Gharib, mwenye duka la vipuri vya baiskeli. Gharib alikuwa na mwendo wa kuburuta kisigino cha kushoto. Leo hakuburuta.

"Masalkheri, Gharib. Karibu."

"Usinipe masalkheri. Hii nini?"

Alimsukumia picha usoni. Picha ilikuwa kubwa kama sinia, na Aidarus aliona ubao mmoja wa roshani na msumari. Akajivuta nyuma ili aone. Akajivuta tena, mpaka kisogo kikagonga ukuta.

"Mwaona?" Gharib aligeukia barazani kwa jirani, kulikokuwa na watu wakinywa kahawa. "Mwaona nyote? Kipofu gani huyu anayerudi nyuma ili aone vizuri?"

Mtu mmoja alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

"Nimekwenda Mwembe Tayari kupakia mzigo wa Voi kwenye basi," Gharib aliendelea. "Napita studio ya Nicodemus, nani yumo ndani ya kabati la kioo? Mamangu! Mamangu mzazi, dirishani pake, kichwa wazi, nywele kazimwaga, kitana mkononi. Na abiria wa bara wamesimama, watafuna njugu, wamtazama!"

Sasa Aidarus aliiona. Kichochoro chote kilikuwemo, kimesimama vizuri kuliko alivyotarajia, vivuli mahali pake. Na juu, katika lile dirisha, mwanamke mzee alikuwa ameinamisha kichwa upande, nywele nyeupe ndefu zimemshukia begani.

"Yallah," alisema taratibu. "Gharib, wallahi nilipiga hodi. Mara tatu."

"Mamangu hasikii! Mtaa mzima wajua hasikii mwaka wa nane huu!"

Nyuma ya mlango ulioachwa wazi kidogo alikuwa amesimama Saadia na mtoto begani. Aidarus alimsikia anavyovuta pumzi.

"Kosa ni langu," alisema.

"Ijumaa," Gharib akasema. "Baada ya swala nitakuja na wazee wawili wa msikitini. Utatoa kamera na mikanda yote. Yote, si huu tu. Nani ajua mama za watu wangapi wamo humo?"

Akaenda na picha yake ameikunja kwapani, upande wa sura ukiwa ndani.

*

Usiku ule mchuzi wa papa ulibaki nusu bakuli. Duha alitazama huku na huku, akaona hakuna wa kucheza naye, akaenda kulala bila kuambiwa. Ndipo Saadia alipoketi chini mkekani karibu na magoti ya mumewe.

"Mimi ndiye niliyesema 'tupu'."

"Najua."

"Mtoto alikuwa kanitapikia begani. Nilikuwa nafuta. Sikuangalia juu, Aidarus. Nilisema tu. Nimekuacha ukaaibishwa mbele ya watu na mimi nimesimama nyuma ya mlango kama mwizi."

"Najua nakwambia. Sauti ilitoka chini."

"Vipi?"

"Mtu akiangalia juu, sauti yake hugonga ukuta wa mbele. Yako ilianguka miguuni. Nikajua umeinama. Ningeweza kukuuliza tena, ningengoja. Lakini jua lilikuwa linaondoka shavuni, na mimi hiyo picha niliitaka. Basi tusigombanie kosa. Lipo la kutosha sote wawili."

Saadia alicheka huku machozi yakimtoka, jambo ambalo mumewe hakuliona lakini alilisikia.

"Utawapa?"

"Nikisema hapana, nitakuwa nani? Ni mamake. Angekuwa mama yangu mimi ningevunja kile kioo." Alipapasa kamera kando yake, kama mtu anayemshika mtoto kichwa. "Ila zile kumi na moja, Saadia. Mikanda ikienda, zimekwenda. Kuanza upya mimi sitawahi tena."

*

Asubuhi ya Jumatano, Gharib alipokwisha fungua duka, Saadia alijifunga buibui, akamwacha mtoto kwa jirani, akamshika Duha mkono. Kwapani aliweka ile postikadi, hakujua hasa kwa nini. Labda ili asiende mikono mitupu.

Kutoka dirisha la Bi Mejumaa, mamake Gharib, ulining'inia ugwe mwembamba wenye kikapu mwishoni. Ndivyo alivyonunua vitu vyake siku hizi, kwa kuwa magoti hayakutaka ngazi: huteremsha pesa kikapuni, muuza mboga akaweka mchicha, akautikisa ugwe mara mbili, naye akavuta. Saadia hakutikisa. Alipanda ngazi.

Bi Mejumaa alimpokea kwa furaha, akambusu Duha utosini, akamkalisha kitandani.

"Gharib wangu tangu jana hasemi," alilalama kwa sauti kubwa ya wasiosikia. "Kala wali kidogo, kanuna. Ana nini?"

Saadia akamkaribia sikio. "Nimekuja kuomba radhi, Bi Mejumaa."

"Eti?"

"Radhi!"

"Kazi?"

"RADHI! Nimekuja kuomba RADHI!"

Chini uani, mtu aliyekuwa akitwanga aliuacha mchi hewani. Saadia alihisi uso unamwaka. Hapakuwa na namna ya kusema siri katika nyumba ile. Alivuta pumzi, akayasema yote kwa ukelele, neno kwa neno, kichochoro kizima kikisikia: kwamba mumewe alipiga hodi, kwamba yeye alisema dirisha tupu bila kuangalia, kwamba picha ilitundikwa Mwembe Tayari, kwamba Gharib ataichukua kamera Ijumaa na ana haki. Alipomaliza, koo lilikuwa limekauka. Duha alikuwa ameziba masikio.

Bi Mejumaa hakukasirika, wala hakucheka. Alijishika nywele chini ya mtandio.

"Kitwa wazi?"

"Ndiyo."

"Mbele ya watu wa mabasi?"

"Ndiyo, mamangu."

"Haya ni mambo mabaya," alisema. "Gharib kasema kweli. Ichomwe." Kisha macho yake, au mato kama mwenyewe alivyoyaita, yakashuka kwapani kwa Saadia. "Na hiyo ni nini ulokumbatia?"

Alipewa postikadi. Aliichukua mpaka kwenye mwanga, akaisogeza, akaitenga, muda mrefu hata Saadia akaanza kuhofu kwamba ameongeza kosa juu ya kosa.

"Dirisha langu hili," alisema mwisho, na sasa sauti ilikuwa ndogo. "Naikumbuka siku hii. Nalikuwa mwali, na miaka kumi na tisa. Walipita na habari kwamba mpiga picha yuaja, babangu akatutia chumba cha ndani, wanawake saba, akafunga kwa komeo. Twaliketi gizani twawasikia wanaume wacheka huku yuu ya baraza, wasongezana, 'niache nisimame mbele miye'. Dirisha wakaliacha wazi lipendeze." Aliigusa kadi kwa kidole. "Punda yumo. Tazama. Yule punda wa maji, mlevi mlevi yule, yumo. Miye simo."

"Hukupigwa picha nyingine baadaye?"

Ilibidi Saadia aulize mara tatu.

"Ya kipande tu, kile kitambulisho cha serikali. Nimekunja uso kama nimeibiwa kuku. Ukifa ndiyo hiyo watu watakumbuka?" Akamrudishia kadi, lakini kidole hakikuiachia mara moja. "Mwambie mumeo. Ile ya nywele ataileta, naichoma kwa mkono wangu. Kisha anipige nyingine. Hapa hapa. Nimevaa."

"Na Gharib?"

"Gharib nimemzaa miye," alisema Bi Mejumaa. "Si yeye alonizaa."

*

Ijumaa baada ya swala Gharib alikuja na wazee wawili wenye kofia za vito, na nusu ya mtaa nyuma yao, kwa sababu mtaa ulikwisha sikia kila kitu siku ya Jumatano na haukutaka kukosa sehemu iliyobaki. Aidarus alikuwa tayari barazani, kanzu imepigwa pasi, kamera mapajani, mikanda yote katika kopo la biskuti, pamoja na ule aliouchukua jana kwa Nicodemus.

"Mamako anatuita sote kwake," alimwambia Gharib. "Amesema tuanzie huko."

"Mamangu ana lipi katika haya?"

"Picha ni yake," mzee mmoja alisema. "Twende tukamsikie."

Bi Mejumaa alikuwa dirishani. Alikuwa amevaa leso mpya ambayo Gharib mwenyewe alimnunulia sikukuu iliyopita na hakuwahi kumwona nayo, imefungwa vizuri kichwani, upindo mwekundu ukizunguka uso. Wanja ulikuwa machoni. Kikapu kilikuwa kimekwisha teremka.

"Aidarus!" aliita. "Tia humo kile cha nywele!"

Aidarus aliufungua mkanda, akauinua angani mbele ya tundu la jicho lake, akatafuta kwa ncha ya kidole, akakata kipande kimoja kwa mkasi wa Saadia. Akakiweka kikapuni. Gharib, bila kuambiwa, aliitoa ile picha kubwa kwapani akaiweka juu yake. Kikapu kikapanda. Baada ya kitambo ukatoka moshi mdogo mweusi dirishani, na harufu mbaya ya plastiki, na Bi Mejumaa akapiga chafya.

"Kwisha!" alisema. "Sasa nipige."

"Mama!" Gharib alipaza sauti. "Mama, mambo gani haya, watu watasema nini?"

"Sikusikii!"

"Nasema watu—"

"Sikusikii, mwanangu!"

"Anasikia anachotaka," Gharib aliwaambia wazee kwa uchungu, na mzee mmoja akageuka ukutani mabega yakimtikisika.

Mwenzake alikuwa mtu wa sheria. Alimuuliza Gharib kama mwanamke mzima, aliyejisitiri, nyumbani kwake, akitaka picha yake kwa hiari yake, mtu mwingine ana neno gani. Mikono ya Gharib ilikuwa na mafuta ya minyororo ya baiskeli hata siku ya Ijumaa, hayatoki, akaitazama.

"Isitundikwe mahali," alisema. "Basi. Na hiyo mikanda mingine akae nayo, ikiwa mkewe aapa yeye mwenyewe aliangalia madirisha."

"Zile kumi na moja niliangalia," Saadia alisema mbele ya wote. "Hii ya kumi na mbili sikuangalia. Leo naangalia."

Aidarus akaanza kazi. Akagusa pembe ya ukuta, akahesabu hatua kumi na nne, akarudi moja. Akapapasa bomba la mvua. Akageuza shavu, akangoja. Kwa madirisha mengine akapiga hodi mara tatu kama desturi yake. Kwa Bi Mejumaa alinyoosha mkono, akaushika ugwe wa kikapu, akautikisa mara mbili, naye bibi huko juu akauhisi mkononi, akaketi sawa.

"Dirisha?" aliuliza.

Saadia aliinua uso, na sauti yake ikagonga ukuta wa mbele. "Yupo."

"Ngoja!" Gharib akapita mbele ya kamera, akasogeza mkokoteni wa mtu, akaokota ganda la ndizi. "Usimkate kitwa."

"Simkati."

"Wengine huwakata."

"Gharib," alisema Saadia, ambaye alikuwa na postikadi mkononi, "hapo uliposimama ndipo aliposimama punda."

Kichochoro kizima kililipuka. Gharib alijaribu kununa, akashindwa, akacheka kwa meno yote, na wala hakuondoka. Bi Mejumaa, asiyesikia kinachochekesha, aliwaona tu chini kule wote vinywa wazi, mwanawe katikati, na yeye mwenyewe akaanza kucheka.

Kacha.

*

Jumanne iliyofuata Nicodemus aliileta picha mwenyewe hadi mlangoni, ndani ya bahasha, na aibu tele. "Mzee, mimi niliona ni nzuri tu nikaiweka mbele," alisema. "Kwetu Kaloleni ningekuwa nimemheshimu." Aidarus alimwambia aketi, anywe chai, yamekwisha.

Nakala mbili. Moja ilikwenda kwa Bi Mejumaa kwa njia ya kikapu, Gharib mwenyewe akitikisa ugwe. Ya pili Aidarus aliishika na mkono umenyooka, na ile ya 1948 kando yake. Alizipitisha moja moja katika tundu lake, taratibu, hata chai ikapoa. Saadia alikuwa akimnyonyesha mtoto na hakumharakisha.

Kisha akamwita Duha, akamketisha pajani, akampa zote mbili.

"Haya, mwalimu. Nisomee hii mpya. Dirisha la juu?"

"Liko wazi."

"Ndani yake?"

Duha aliitazama kadi ya zamani kwanza, kisha ile mpya, kwa makini, kama mtu anayejua kwamba jibu lake linangojewa.

"Kuna mtu," alisema.